Joka la Ukurasa wa Sita

Jumanne.

Goma nzima hakuna mutu anayenishinda kusoma, hata padri ananiogopa. Lakini hiki kitabu alichoniazima Aline, jirani yetu mupya, kimenigomea. Binti mfalme anatembea porini, miti inamsemesha, mimi nasinzia. Wiki nzima sijavuka ukurasa wa sita.

Leo Aline akaniuliza, "Umefika wapi, muzee wa vitabu?"

"Pale joka linachoma nyumba ya binti," nikamwambia nikicheka. "Analia mpaka ukurasa unaisha! Nyumba moja tu, mama?"

Hakucheka. Alichukua kitabu chake, akakipangusa jalada, akaenda zake bila kuaga.

Volkano ilipokula nyumba yao, alikimbia na hicho kitabu tu. Nilijua hilo, na bado nikacheka.