Kaka, Hapa Wewe ni Marehemu

Kibanda namba 41,
Kambi ya Wahamiaji,
Karibu na Netanya.

12 Eluli, 5711

Mpendwa kaka yangu Rahamim,

Pokea salamu zangu nyingi, na baada ya salamu nakuuliza hali. Goti lile limepata nafuu? Tangu mama atutoke unakula chakula cha maana, au ndiyo mkate na chai asubuhi mpaka jioni? Hapo Hara, mtaani kwetu Tripoli, bado yupo wa kukupikia samaki wa pilipili siku ya Sabato? Mimi ni mzima kwa rehema za Mungu, isipokuwa macho yananisumbua, na usingizi umenikimbia tangu barua yako ifike.

Nimefurahi, usije ukafikiri vinginevyo. Umeandika kwamba umeuza duka la vitambaa, umemjengea mama kaburi zuri la mawe, na umepata nafasi kwenye meli itakayoondoka baada ya Sikukuu ya Vibanda. Miaka miwili nimeiomba siku hiyo. Sasa imekaribia, nami nadondosha wino kwenye karatasi, kama unavyoona. Nivumilie. Nitafika kwenye jambo lenyewe. Nazunguka kwa sababu naogopa.

Mwanao Khamus ana afya na ana kazi, anapanga machungwa kwenye makasha. Ila siku hizi haitwi Khamus. Siku ya kwanza kazini msimamizi alimwambia, "Khamus ni jina la punda wa Tripoli. Hapa wewe ni Amos." Watu wakacheka, naye akacheka nao, na tangu hapo nikimwita Khamus mbele za watu haitiki. Kiarabu chetu anakisema kwa kunong'ona. Majuzi nilipiga vigelegele kwenye harusi ya jirani, akanishika mkono. "Shangazi, taratibu basi, wanatuangalia." Nikamjibu, "Waangalie tu, ni bure." Hakucheka.

Mkewe Genia ni binti mwema, usimwonee. Ametoka Polandi. Vita vilimmalizia wazazi, kaka zake wanne na bibi yake, na hata kaburi moja la kuwekea kijiwe cha kumbukumbu hana. Samaki wake humtia sukari, Mungu amsamehe, lakini ni mchapakazi, na ananiita Shangazi kana kwamba kazaliwa kwetu.

Sasa mtoto. Nilikuandikia kwamba mjukuu wako amepewa jina lako, ukanijibu kwamba uligawa lozi za sukari sinagogi zima. Ni kweli, anaitwa Rahamim. Ambalo sikukuandikia ni namna jina hilo lilivyopatikana.

Unakumbuka ulivyomwapisha Khamus pale bandarini, kwamba mwanawe wa kwanza atakuwa Rahamim. Kwetu hiyo ni heshima, babu anapewa akiwa hai ili alisikie jina lake likiitwa na masikio yake mwenyewe. Kwao Genia ni sawa na kumchimbia mtu kaburi. Wanasema malaika wa mauti akija na jina moja akakuta wenye nalo wawili, anaweza kukosea akambeba mtoto. Jina hutolewa kwa marehemu tu. Basi tumbo lilipofika miezi minane, Genia akamwuliza mumewe, mimi nikiwa hapo hapo naosha vyombo, "Baba yako yuko hai?"

Khamus akasema, "Alifariki. Zamani."

Sikusema neno, kaka. Hilo ndilo kosa langu, nami nalikiri. Nilidhani ni uongo wa siku moja, mtoto apate jina, kiapo kitimie, kisha tutafute maneno. Siku ya tohara rabi alipolitaja jina lako, majirani wa Genia wakasema, "Kumbukumbu yake na ibarikiwe." Nikajifunika uso kwa mtandio. Wakadhani nalia msiba.

Njia ya mwongo fupi, lakini hii imekuwa ndefu. Genia aliuliza tarehe ya kifo chako ili akuwashie mshumaa, na Khamus akamtajia tarehe tu, ya kubuni. Watu wake yeye hawajui walikufa siku gani, kwa hiyo mshumaa wako aliuwasha kwa moyo wote, akaukalia hadi ukaisha. Akaniambia, "Shangazi, nisimulie, alikuwa mtu wa namna gani?" Nikasimulia. Alikuwa hivi, alikuwa vile. Kila nikisema "alikuwa" nilihisi nakusukumia udongo kwa mkono wangu.

Tena kuna jambo sijui. Sijui kama Khamus alidanganya ili kuliokoa jina lako tu, au pia kwa kuwa baba aliyekufa hawezi kutokea kazini na kanzu na kofia yake nyekundu mbele ya wenzake. Nilimwuliza. Akaondoka.

Barua yako ya safari ilipofika, alikuwa na dawa tayari. "Baba akishuka melini ajiandikishe jina jingine. Karani hata hashtuki, kila mtu anabadilisha. Tutamwambia Genia ni baba yangu mdogo."

"Na wewe asubuhi utamsalimia nani, mtoto usiye na haya?"

"Nitazoea, Shangazi. Si nimezoea Amos?"

Hapo nikaogopa kweli. Huu ni mwezi wa toba, pembe inapulizwa kila asubuhi, nami nitasimamaje Siku ya Upatanisho nikiwa nimemzika ndugu yangu aliye hai? Jumatatu Khamus alipokwenda kazini nikamwendea Genia, alikuwa anamlisha mtoto uji.

"Genia, mwanangu, nisamehe. Baba mkwe wako hakufa. Anakuja."

Kijiko kikabaki hewani. "Anaumwa?"

"Goti tu."

"Ana umri gani?"

"Sitini na miwili."

"Na huyu ana miezi mitano," akasema. "Mmekaa mezani kwangu nyote wawili, huku mnajua yuko hai." Akambeba mtoto akaingia nyuma ya pazia la blanketi.

Tangu saa ile hamwachi. Amemfunga uzi mwekundu wa kinga mkononi, na kila mara anaweka kidole puani mwake kuona kama anapumua. Mtoto anaota meno, mwili una joto, ni mambo ya kawaida, nimelea watoto wa kutosha kujua. Lakini woga unaambukiza, kaka. Mimi niliyekuwa nikiwacheka watu wa Polandi na malaika wao asiyejua kusoma, sasa nainama juu ya kitanda nahesabu pumzi. Nikimaliza kumwogopea yeye nakuogopea wewe na bahari.

Jana Genia akatoka na neno lake, mbele ya Khamus. "Siwezi kumfungia mlango baba wa mume wangu. Kwetu wamekufa wote, nitamfukuzaje mmoja aliye hai? Ila Rahamim wawili chini ya paa moja, hapana. Mmoja abadilishe. Mzee achague mwenyewe. Akikataa yote mawili, namchukua mwanangu, na hamtatuona tena."

Ataondoka, usidhani anatisha tu. Huyu alivuka majira mawili ya baridi msituni kwa miguu, viatu hana.

Kwa hiyo kaka, uchaguzi ni wako, na mimi ndiye niliyekuletea. Ukilishika jina lako, mtoto atapewa jingine, na kiapo cha bandarini kimevunjika. Ukimwachia, utashuka hapa mtu mwingine, na hata sinagogini utaitwa kwa jina ambalo mama hakuwahi kukuita. Msimamizi alimnyang'anya Khamus jina lake kwa mzaha, na yule namchukia. Genia anakuomba kwa hofu, na nimeshindwa kumchukia. Sina ushauri. Nimejaribu kukutafutia jina lingine kichwani, nikashindwa hata kuanza. Nijibu kabla ya meli, maana bandarini karani anauliza mara moja tu, na kalamu imeshagusa karatasi.

Nisalimie binamu yetu Bekhor na mkewe Halla, na Rabi Fraji, na majirani wa ua wetu wote waliobaki. Pita kwa mama kabla hujaondoka, umweleze, labda yeye ataona la kufanya. Khamus anakusalimu, amesimama mlangoni tangu nianze kuandika, hathubutu kuuliza nimeandika nini.

Mungu akuvushe bahari salama, na mwaka mpya ukiingia akuandike katika kitabu cha uzima, kwa jina lolote utakalokuwa nalo.

Ni mimi dada yako mdogo, nikupendaye nikikuogopea,

Masuda