Dumu Lilikwenda Ndani, Kaka Alikwenda Nje

Ghorofa ya pili, nyuma ya karakana ya boti
Jumanne, 12 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kijiko,

Hujambo huko ng'ambo? Mkeo hajambo? Na huyo mtoto, meno yameshatoka au bado anawang'ata watu kwa ufizi? Mimi mzima, kama anayepanda ngazi na kushuka huitwa mzima. Bado naosha vyombo kantini ya bandari na mikono imeshakuwa ya kibibi. Mama anakula akilazimishwa.

Najua nilikupigia simu, lakini ilikuwa inakatika, na wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa analia pembeni, kwa hiyo sidhani kama uliambulia kitu. Keti basi, nikueleze toka mwanzo.

Kaka alikwenda kazini kuzamia kama siku zote. Lile bomba linalopita chini ya mlango wa bahari, pale pembamba kati ya bahari yetu ya ndani na bahari kuu, lilikuwa linavuja. Akavaa mkanda wake wa vipande vizito vya risasi wa kumzamisha, akamtania fundi wa pampu ya hewa kwamba akisinzia atamtokea ndotoni, akashuka. Fundi hakusinzia, maskini ya Mungu, simlaumu. Mpira wa hewa ulilegea tu mikononi mwake, na walipouvuta ukaja peke yake, umechanika kwenye kiungo.

Mji mzima ukatoka. Unajua tunavyofanya huku mtu akipotea mlangoni: linatupwa dumu tupu pale pale, na boti zinalifuata. Dumu halidanganyi, ndivyo tulivyolelewa. Basi likaenda ndani, maana maji ya juu siku zote huingia ndani, na sisi wote nyuma yake, mpaka vibarua wa kiwanda cha barafu. Mama alikaa boti ya kwanza, mbele kabisa, hataki hata kushikwa mkono. Tulitafuta mpaka mafuta yakaisha. Tukaokota viatu vya watu, tukaokota mlango wa friji. Yeye hatukumwona.

Ndipo akarudi safarini Mama Chumvi, yule wa kituo cha utafiti anayepima chumvi ya maji. Kaka alikuwa akimwambia angemwoa, ila anaogopa mke wa kuonja mboga kwa mashine. Akatuuliza swali moja tu, kama alikuwa na mkanda wa risasi. Tukasema ndiyo. Akakaa chini kwenye ngazi za gati bila kupangusa vumbi.

Akatupakia botini mimi na mama, akatupeleka mpaka juu ya lile bomba. Akashusha kwa kamba kapu kubwa lililojaa mawe, kisha akazima injini. Kwanza tulielea kwenda ndani kama dumu. Kapu lilipokaribia chini, kamba ikakaza, boti ikasita, halafu ikaanza kwenda nje, taratibu, kinyume cha maji tunayoyaona kwa macho. Kijiko, nimezaliwa hapa, nimeogelea hapa, na sikuwahi kujua kwamba chini ya maji kuna maji mengine yanayokwenda zake, na ndiyo yaliyomchukua kaka.

Akatueleza. Bahari yetu imefungiwa, mvua haba, jua kali. Maji yanakauka, chumvi inabaki. Maji ya chumvi nyingi ni mazito, kwa hiyo hukaa chini na kutokea kwa chini, huku mepesi ya bahari kuu yakiingia kwa juu kuziba pengo. Yakishavuka mlango huporomoka mteremkoni. Lakini hayafiki kwenye sakafu, maana huko yapo ya baridi yaliyo mazito zaidi. Yanaishia katikati, yanakuta wenzao wa uzito mmoja, yanatandaa hapo kama uji uliomwagika, kila upande, mwaka baada ya mwaka. Yanazidi kuchanganyika, chumvi inapungua, lakini vyombo vyake vinaitambua hata karibu na pwani ya ng'ambo.

Mama akainua kichwa. "Ng'ambo kwa mdogo wake?"

"Hata huko, mama. Lakini ni chumvi tu. Mtu hafiki."

Mama akasikia nusu ya kwanza.

Tangu hapo anasema mwanawe yuko njiani kuja kwako. Waliokuja kutupa pole anawarudisha mlangoni: hapa hakuna msiba, kuna msafiri. Ndugu za wifi walitoka mbali kuja kulia naye, wakafungiwa nje. Yule mwanamke hana pa kulilia. Anakuja kulia kwenye stoo ya kantini, ananawa uso kwenye karo langu, halafu anarudi kumpakulia mama chakula. Juzi watoto wakauliza baba yao atarudi lini, na bibi akawajibu, "Akifika kwa baba yenu mdogo, ataandika." Jamani! Nilitoka nje nikavunja sahani makusudi.

Nina hasira, sikufichi. Nalichukia lile dumu, najichukia na mimi niliyelishangilia lilipokata maji mbele yetu. Mama Chumvi anasema hata tungekwenda nje saa ile ile tusingempata. Sijui ni kweli au ananihurumia.

Sasa sikia. Jumapili mama atakupigia simu akuulize kama umekwenda ufukweni. Usimwambie umekwenda hukuona kitu. Atakwambia nenda kesho, na kesho kutwa, mpaka mzeeke wote wawili. Usimwambie tuzidi kuomba. Wewe ndiwe kitinda mimba wake, neno lako linamwingia kuliko letu sote. Mwambie kaka amekufa. Usizungushe, sema neno hilo hilo. Humu ndani hakuna aliyeweza kulitamka mbele yake, na mimi ndiyo kwanza naliandika leo. Nimeliandika nikaweka kalamu, nikaenda kusimama dirishani. Akipiga kelele usikate simu. Nitakuwa nimemshika.

Mkeo msalimie sana, na mtoto mpakate kwa niaba yangu. Wifi anakusalimu, watoto wanakusalimu, na fundi wa pampu pia. Huja kila jioni akasimama mlangoni, haingii. Mungu akupe ulimi wa kusema, na awafunike wewe na wa kwako.

Za mama sina cha kukuandikia. Nimemuuliza, akasema salamu zake ameshampa kaka yako, anakuletea.

Mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokutwika mzigo huu.