Fundo la Kufungia Ng'ombe

Kansay, Karatu
Jumapili, baada ya misa

Kwako kaka Seif,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Vipi hali yako? Presha imeshuka? Mimi mwili ni mzima, nakula, nalala kidogo. Baba hajambo isipokuwa goti lake, na mama anakusalimu sana. Anasema hajamsahau yule kijana wa dukani aliyekuwa akimpimia sukari na kuongeza kiganja. Maharage yetu ya ngwara yamechanua vizuri mwaka huu. Ukungu umetuganda tangu Jumatano, hata magari ya watalii yanapita Karatu mjini yamewasha taa mchana.

Huko mjini nilipita juzi dukani kwa mama yako. Mama Mwanamwema alinikalisha juu ya gunia la mchele, akanipa chai na chapati, akaniuliza kama umeniandikia na kama mkeo Zulfa amerudi nyumbani kwako. Nikamwambia sijui, na barua yako ilikuwa mfukoni mwangu. Akanishukuru kwa kuwa rafiki wa kweli wa mwanawe. Chai ile niliiacha nusu kikombe, Seif.

Barua yako nimeisoma hadi imechanika kwenye mikunjo. Unasema Zulfa bado yuko kwa wazazi wake, na kwamba alikuambia hawezi kulala nyumba moja na mtu aliyemuua mdogo wake kwa jiwe jepesi. Unasema kesi ni tarehe kumi na mbili na utakiri kosa, maana umechoka, na wewe mwenyewe sasa unaamini jiwe la boya lilikuwa dogo. Unaniuliza mimi, niliyechanganya nawe zege ile, kama tuliibania saruji. Nitakujibu. Ila niache nianzie mbali kidogo, na ndiyo maana sikupiga simu: kwenye simu mdomo wangu una vichochoro vingi vya kutorokea.

Uliponichukua kunipeleka Tanga nikusaidie kukodisha maboya, maji mengi niliyowahi kuyaona yalikuwa ya lambo la kunyweshea mifugo. Ulinicheka siku nzima nilipouliza ni nani anayeyafungulia maji asubuhi na kuyarudisha jioni. Lakini ulinifundisha kwa subira. Mwenye boti anakodi boya, boya linashikwa na kamba, na kamba inashikwa na jiwe la zege huko chini. Ulisema kamba iachwe ndefu, mara tatu ya kina, kwa sababu maji ya bamvua yakijaa, kamba fupi hulinyanyua jiwe. Ulisema pia mtu asiweke mwili wake kati ya chombo na mwamba, hata chombo kiwe cha babake. Shemeji yako Yasini alizoea kuzisoma sheria hizo kwa sauti ya ustadhi madrasa, nasi tukacheka hadi tukashika mbavu.

Sasa sikiliza. Ijumaa ile ulikwenda mjini tangu asubuhi kununua minyororo. Mwenye ile boti nyeupe alinijia akifoka kwamba boti ya jirani yake, ya boya la nne, inazunguka na upepo na kuikwaruza yake. Wewe ni mtoto wa Karatu, unajua ng'ombe akifikia mahindi ya jirani watu wanafanya nini. Wanafupisha kamba. Nilikwenda na mtumbwi wakati maji yametoka, nikaikunja kamba ya boya la nne karibu nusu yake, nikaikaza kwa fundo letu la kufungia ng'ombe, lile lisilolegea hata mnyama avute namna gani. Nilirudi nchi kavu nikijiona fundi. Nilipanga nikusimulie jioni unisifu.

Saa kumi maji yalijaa kuliko siku zote, na upepo ukazidi. Boya la nne lilizama, kisha boti ikaanza kutembea polepole kuelekea mwambani, ikiburuta jiwe. Yasini alikuwa juu ya mwamba akisuuza ndoo. Nilimpigia kelele. Yeye aliyezijua sheria kwa moyo alishuka akaikinga boti ya watu kwa mgongo. Mengine uliyakuta mwenyewe.

Hadi hapo ni ujinga, na ujinga wangu ungesamehewa. Lililofuata halikuwa ujinga. Asubuhi ya pili mlipokwenda makaburini, mimi nilisema nabaki kulinda maboti. Maji yalipotoka niliingia hadi kifuani, nikalifungua fundo. Lilinigomea, nikalifungua kwa meno. Afisa wa uchunguzi alipokuja mchana akaipima kamba, akaikuta ndefu kama ilivyotakiwa, akasema basi lililokosa ni jiwe. Ncha ya pili ya futi ya kupimia nilikuwa nimeishika mimi. Ulinitazama, nami nikatazama maji. Wiki iliyofuata nikakuambia baba anaumwa, nikapanda basi.

Baba hakuwa anaumwa. Tangu nirudi siwezi kufunga kamba fupi. Jana nilimfunga ng'ombe kwa kamba ndefu mno, akala ngwara za jirani mistari mitatu. Baba alifoka, akauliza huko baharini nilifundishwa nini. Mficha maradhi kifo humuumbua; mimi nimeumbuliwa na ng'ombe. Nilimweleza yote tukiwa tumesimama pale shambani. Alimfunga ng'ombe mwenyewe, na hadi naandika hajanisemesha.

Kamba ya boya la nne bado iko polisi. Waambie waitazame pima ya tatu kutoka kwenye boya, wataona nyuzi zilizotafunwa. Hayo ni meno yangu. Ndani ya bahasha nimeweka kipande kingine cha kamba nilichokipiga fundo kama lile, afisa alione lilivyokuwa. Barua hii ni yako, impe wakili, impe yeyote. Jumatano nitapanda basi, na tarehe kumi na mbili nitakuwa mlangoni kwa hakimu kabla yako. Nakuomba usikiri usilolifanya. Sikuombi unisamehe, ningeona aibu kuomba.

Nisalimie wenzetu wote wa huko horini kwenye maboya. Mama anasema akipata mtu atakutumia ngwara kidogo. Hajui bado, naye nitamwambia leo. Zulfa sina uso wa kumsalimia. Mpe tu barua hii aisome kwa macho yake, na akifika hapa mwisho ajue kwamba saruji hatukuibania. Jiwe lako lilikuwa zito, Seif. Lilikuwa zito vya kutosha.

Ni mimi, niliyekuwa nduguyo,
Emilian Patrisi