Bomba la Kupumulia

Chumbageni, Tanga
9 Machi 1956

Dada yangu Mwanasiti,

Shikamoo dada, na asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mkwaja, na shemeji naye mguu wake umeanza kukanyaga chini. Sisi hatujambo. Mwanao Sabiha hajambo, na mjukuu wako Saleha ananyonya mpaka anasahau kupumua. Watu wanasema kachukua pua yako. Nimewaambia wamwache mtoto, bado mdogo, pengine itabadilika.

Utani uishie hapo, dada, maana sina moyo nao. Nakuandikia habari ya Bi Mwatumu mkandaji, ambaye kwa neno ulilompa Haji atuletee, umekataza asimguse tena mwanao. Nataka uijue habari yenyewe ilivyokuwa.

Wajua ulitaka Sabiha ajifungulie mikononi mwako, na mguu wa shemeji ndio uliokuzuia. Uliponiachia nilikuahidi kwamba maji yake ya kukandwa hayatapoa hata siku moja mpaka atimize arobaini. Mke wangu Asmahani alikuwa tayari kuchemsha kwa masufuria kama wanawake wenzake. Mimi nikakataa. Mimi ni fundi bomba, kutwa natengeneza maboila ya Wazungu kule Ras Kazone, iweje mpwa wangu akandwe kwa maji ya sufuria? Nikaapa nitamjengea boila lake.

Na kulijenga nililijenga sawasawa. Nililiweka nyuma ya nyumba, mbali na makuti ya jikoni, upande ambao upepo haurudishi cheche. Nikasimamisha kuta mbili fupi za matofali, nikalaza juu yake pipa la chuma lililokuwa la mafuta ya nazi, nikalikandika udongo, nikatoa dohani ndefu kupita paa. Mbele nikatia koki ya kutekea. Juu nikachomeka bomba jembamba, wazi kabisa, la kupumulia, maana maji yakichemka hutoa mvuke, na mvuke usipopata pa kutokea hupasua. Bi Mwatumu nilimweleza yote hayo, nikamwonya asijaze kuni nyingi. Alinisikiliza kama mtoto wa chuoni, akaniombea dua.

Unavyomjua, yule bibi alikuwa akifika kabla jua halijachomoza. Anawasha moto, anakinga ndoo, anaingia ndani kumkanda Sabiha huku anamwimbia. Sabiha alianza kutembea wima mapema kuliko tulivyotazamia. Nilijiona mjomba kweli.

Kisha asubuhi moja pipa likapasuka. Sabiha na mtoto walikuwa chumbani, tunamshukuru Mungu. Bi Mwatumu alikuwa kainama kwenye koki. Maji yalimuunguza mkono wa kulia wote, tangu begani mpaka vidoleni, na ndio mkono wake wa kazi. Hospitali wamesema ngozi itarudi, lakini vidole viwili huenda visikunjuke tena. Majirani walipokimbilia waliuliza kuni zilikuwa kiasi gani. Yule mama, katika maumivu yale, akasema labda alizidisha. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, nikanyamaza.

Haji alipopita kuchukua habari za kukuletea, nilimwambia mimi mwenyewe kwamba kuni zilizidi. Ukajibu kwamba bibi huyo ni mzembe, alitaka kukuulia mwana. Haji si mtu wa kutunza neno, nawe unalijua hilo. Mtaa mzima umelisikia, na nyumba mbili zenye wajawazito zimekwisha kutafuta mkandaji mwingine.

Dada, kuni hazikuzidi. Bomba la kupumulia nililiziba mimi.

Siku ya akika ya Saleha nyumba ilijaa watu, nami nikawapeleka nyuma kulitazama boila. Nilikuwa nimelijaza maji mpaka juu kwa kutaka sifa. Bomba likaanza kukohoa, likatema maji ya moto, likamlowesha mgeni mmoja kanzu. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wakalipa jina, Mzee Kikohozi, na kila aliyekutana nami njiani aliniuliza Mzee Kikohozi kaamkaje. Dawa yake naijua: kupunguza maji, au kurefusha bomba. Lakini sikuwa na kipande cha kurefushia, na kicheko kile kilikuwa kimenichoma. Jioni moja nikachonga kizibo cha mti, nikakizungushia mpira wa baiskeli, nikakigongomea na kukifunga kwa waya. Nilijiambia ni kwa siku moja tu. Kesho yake ndiyo pipa lilipasuka. Watu walipokuwa wanamwinua Bi Mwatumu, mimi nilikuwa natafuta kizibo kwenye majani. Nilikipata, nikakitia mfukoni. Naona haya kukuandikia hilo kuliko yote.

Tangu atoke hospitali amekuwa akija kila asubuhi, mkono umefungwa, kuniomba radhi kwa kuniharibia boila. Nami, dada yangu, nimekuwa nikimwambia kwamba nimemsamehe.

Leo alipiga hodi nikiwa ndio kwanza nimeanza kuandika. Kabla hajaomba radhi yake nikamkalisha, nikamwambia yote, hata la kizibo. Kisha akaniuliza kama ina maana kuni zake zilikuwa sawa. Nikamwambia zilikuwa sawa kabisa, kama nilivyomfundisha. Akasema basi, na machozi yakamtoka, na hakuweza kuyafuta kwa mkono ule.

Nakuomba ulirudishe neno lako kwa Haji huyo huyo, alisikie kila aliyelisikia la kwanza. Mimi kesho baada ya adhuhuri nitasimama msikitini niseme nililolifanya. Ukikasirika nami una haki, wala sikuombi unisamehe upesi.

Asmahani anakuamkia. Sabiha anakuamkia, anasema shemeji asiache kujikongoja kidogo kidogo. Saleha naye angekuamkia kama angeweza. Salamu za Bi Mwatumu sikuletei. Siku zote nikikuandikia alinihimiza nisimsahau, lakini leo ametoka bila kuaga, na sikuthubutu kumwuliza.

Mimi mdogo wako,
Zubeiri