Mimba Isiyotajwa Ofisini

Dada yangu Minza,

Nimekukasirikia, na sasa uko Lingeka kwa mumeo, huwezi kunifunga mdomo kama ulivyozoea.

Unakumbuka msimu ule kampuni binafsi zilipoanza kununua pamba hapa Kasoli? Ukawa karani wa mizani, wa kwanza kwetu kupata ajira. Nilikuletea uji kwenye kituo cha kununulia pamba, nakukuta katikati ya magunia unawagombeza wakulima waliotia pamba maji ili iwe nzito. Nilijivuna mpaka wenzangu wakanichoka.

Kisha ukapata mimba. Mayu, mama yetu, akakuonya, "Ng'wana wane, mwanangu, mimba haitajwi. Watu wana macho." Ukatii. Ukavaa koti la shemeji kwenye jua la Kasoli, na meneja akiuliza unasema una malaria. Malaria ya miezi minane, dada! Kadi ya kliniki uliifukia kwenye kihenge cha mtama. Nilikusihi uipeleke ofisini, ukanijibu, "Wewe mtoto, utanitafutia wachawi."

Ulijifungua salama, Mungu ashukuriwe. Uliporudi kazini ukamkuta mtu mwingine kwenye mizani, na barua ya kukufukuza kwa utoro. Tukaenda wote Bariadi mjini kwa afisa kazi. Akasema sheria inakupa likizo ya uzazi yenye mshahara, na kwamba mwanamke hafukuzwi kwa sababu ya mimba. "Lakini mwajiri mlimwarifu?" Ukatikisa kichwa. Akasema hata hivyo unaweza kulalamika, atakusaidia kuandika. Ukasema, "Basi, yaishe."

Yaishe! Mimi ndiye niliyelia njia nzima, wewe ukinibembeleza kana kwamba kazi ilikuwa yangu.

Sasa na mimi ni karani hapahapa, nina mimba ya miezi mitano. Mayu kaniambia yaleyale, nikamjibu nimesikia. Jumatatu nikavaa gauni linaloonyesha tumbo, nikampelekea meneja barua ya kumwarifu na kuomba likizo ya uzazi, pamoja na kadi ya kliniki. Ni yuleyule meneja wako. Maneno ya kugombana nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Akasoma, akagonga mhuri wa kupokea kwenye nakala yangu ya barua, akanirudishia, akaendelea kunywa chai.

Ni hivyo tu, dada. Nikatoka nje nikakaa kwenye gunia, nikalia kwa hasira, maana wewe ulikuwa karani hodari kuliko mimi.

Nisalimie shemeji na mwanao. Hasira hii ni ya mtu anayekupenda.

Mdogo wako,
Kabula