Mpunga Ulikufa, Nikataja Jina la Jirani

Michenga, Ifakara

Kaka Masanja,

Shikamoo. Mpunga wangu wote wa ekari nne ulikufa majini mwezi wa nne, na tangu wiki ile sala nayo ikanitoka. Nimeanza na hilo usije ukafika katikati ya barua ukadhani naomba chakula. Siombi. Mama anaendeleaje na magoti yake? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima wa mwili. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza.

Unajua nilivyoingia bonde hili: sufuria moja, jembe moja, mtoto mgongoni. Miaka tisa nimekodi mashamba ya juu. Ng'ombe wanne wa kulimia ni jasho langu, hakuna ndugu aliyechangia hata kamba. Mwaka huu nikapata shamba langu mwenyewe, chini karibu na mto, nikalilima kama baba alivyotufundisha huko kwetu: majaruba kumi na sita, tuta kila upande, mvua isiponyoke. Mama Tekla, Mndamba mwenyeji wa bonde hili ninayepakana naye, alisimama akacheka.

"We Msukuma, maji unayafunga ya nini? Huku yanakuja yenyewe. Utaona!"

Mto ukafurika, nikaliacha jembe majini nikakimbilia mjini na watoto. Kwake maji yalikaa siku nne yakaondoka. Kwangu yalinaswa ndani ya matuta siku kumi na tisa. Kumi na tisa toa nne ni kumi na tano, na hizo kumi na tano nilizijenga kwa mikono yangu. Hesabu hiyo naiona leo. Wakati ule nilikuwa nasikia neno moja tu: "Utaona."

Ukapiga simu ukasema nimerogwa: "Taja jina tu, mengine niachie." Nikataja. Kaka, nililitaja upesi kuliko ninavyowaita wanangu. Wiki mbili baadaye ukanitumia kifurushi kwa basi, dawa nyeusi ndani ya kitambaa chekundu, niizike njiani anapopita.

Hapo ndipo vita yangu ilipoanza. Nikipiga magoti, kifurushi kiko uvunguni. Nikifika "utusamehe", ulimi unakwama. Jumapili sita nimekaa benchi la nyuma nachezesha midomo. Nisikufiche, nilimlaumu na Mungu: uliniona nikiinua yale matuta, mbona hukunizuia?

Asubuhi moja nikaenda nacho mpakani, nikachimba. Shimo lilipofika kina cha kiganja nikapiga magoti, na wala si kwa kumwonea huruma. Niliogopa dawa isije ikanigeukia. Sikuwa na imani ya kujisifia. Nikasema tu, "Baba, mimi mwenyewe siwezi kuacha. Niachishe." Sikusikia sauti yoyote. Lakini shimo nililifukia tupu, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Tekla nikamweleza yote.

Akalitazama jembe.

"Ulikuja kuniroga kwa jembe nililokuazima mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, ningekuwa na uwezo wa kuita maji, si ningeyaita kiangazi?" Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza: "Na huko kwenu? Wamenifanya nini?"

Kifurushi tulikichoma pamoja, lakini swali halikuungua. Wiki iliyopita mguu wake ukavimba. Hospitali wamempa dawa, anazimeza, ila akiniona anautazama mguu halafu ananitazama mimi. Hofu inanirudia. Kila asubuhi naomba nguvu ya siku ile moja, na mpaka sasa haijapungua hata siku moja. Ya kesho sijapewa, na nimeacha kuidai.

Nisalimie Mama, mwambie namwombea magoti. Nisalimie wifi aliyenifundisha kusuka mikeka, na baba mdogo Shija, mchungaji wa mbuzi za watu wote.

Sasa nijibu, Kaka. Jina la Mama Tekla ulilipeleka kwa mganga akalichinjia kuku, au hukulipeleka? Usinieleze kwamba ulinipenda, hilo najua. Usiniambie nimesahau kwetu. Nimemwahidi jibu Jumamosi ya wiki ijayo, saa sita mchana, na sitamdanganya mtu aliyenisamehe. Ikipita saa hiyo hujapiga, nitamwambia ndiyo. Kwa hiyo piga, useme neno moja: ndiyo au hapana?

Mdogo wako,
Minza