Nani Ananichungulia Nikisoma?

Nyuma ya Kiwanda cha Miso,
Tsuruoka.
4 Desemba, 1994

Mpendwa mdogo wangu Kinue,

Hujambo huko Sapporo? Magoti yameizoea baridi, au bado yanalalamika kuliko mwenyewe? Mimi mzima, ila meno. La mbele limebaki moja, nalitunza kwa ajili ya picha.

Theluji imeanza. Figili nimeshazitundika chini ya ukingo wa paa zikauke.

Sasa la moyoni. Kuna mtu ananichungulia.

Unajua tangu wifi yako Nobuko atutoke, raha yangu ni klabu yetu ya mashairi mafupi, pale chumba cha hekalu. Shule niliiacha mapema, lakini nikipata mistari mitatu iliyokaa sawa, natembea kama nimevaa viatu vipya.

Mashairi tunayatoa bila majina. Yanachanganywa, kisha kila mtu ananakili ya wenzake, mwandiko usimtaje mtu. Halafu kila mmoja anasoma kwa sauti lililompendeza, na mwenye shairi anapaza jina lake. Lisilochaguliwa, mwenyewe ananyamaza nalo.

Mwezi jana likatokea hili:

Babu asoma:
gazeti li usoni,
linapumua.

Wakacheka. Babu huyo ni mimi, ndivyo nilalavyo kila mchana; nikacheka kuliko wote, wasinishuku. Hakuna aliyelichagua, maana halitaji majira ya mwaka, na kwetu hilo ni kama supu bila chumvi. Basi mwandishi akajificha.

Nikamshuku jirani yangu Kuramochi, yule kinyozi mstaafu. Ua wetu mfupi, shingo yake ndefu.

"We Kuramochi, unatazama nini kwangu?"

"Kwako kuna nini cha kutazama, mzee? Soksi?"

Jibu la haraka namna hiyo ni la mtu mwenye hatia. Nikaziba dirisha kwa makaratasi.

Jana nikaletewa hili nilinakili:

Aisomea
picha hadithi yote,
kisha angoja.

Kinue, hata wewe hulijui hili. Macho ya Nobuko yalipofifia, nilikuwa namsomea ile riwaya ya gazetini, kipande kila asubuhi. Alipoondoka sikuacha. Naisomea picha yake. Usinicheke.

Nikabanwa. Nisipolichagua, mwizi wangu hajulikani. Nikilichagua, natangaza siri yangu kwa mdomo wangu. Nikaapa: akishajitaja tu, nararua karatasi mbele yake, na klabu ndiyo basi tena, raha na iishe. Nikalisoma.

Nikamkazia macho Kuramochi.

"Mimi? Ningekuwa na shairi kama hilo, ningejitaja kabla hujafungua mdomo!"

Ndipo sauti ikajitaja kutoka jikoni mwa hekalu: "Misuzu!"

Misuzu, mke wa mwanangu Shuji! Naishi naye nyumba moja, mumewe yuko kazini Tokyo. Ndiye anayenipeleka kwa gari, na huosha vikombe vyetu vya chai huku akinisubiri. Maneno yake kwangu ni "Baba, chakula" na "Baba, maji ya kuoga tayari." Kumbe mke wa kuhani wa hekalu alikuwa anampokelea mashairi kimyakimya na kuyachanganya na yetu. Akasimama mlangoni, mikono inachuruzika maji, uso mwekundu.

Kuramochi akajipiga paja. "Kabandue makaratasi yako dirishani, mzee! Mwizi ndiye anayekupikia wali!"

Karatasi nilikuwa nayo mkononi. Sikuirarua. Shairi lilikuwa zuri, Kinue. Zuri la kuudhi.

Tulipofika nyumbani Misuzu akabaki ameshika usukani.

"Baba, kesho soma kwa sauti ya juu kidogo. Pale yule mwanamke wa riwaya alipofika stesheni, birika lilikuwa linachemka. Sikusikia kama alipanda treni."

Nikamwambia nitakirudia kipande hicho; jibu sikumpa, nisimharibie utamu.

Leo asubuhi nimeuacha mlango wazi. Nilipofika penye treni, kisu jikoni kikaacha kukata mboga. Nikashuku ananiandika tena. Nikasoma polepole, apate nafasi.

Msalimie sana shemeji Heihachi, na mwanao Chizuru mwambie mjomba wake, yaani mimi, bado ana jino. Moto usiwazimikie msimu huu wote, na njia zenu zisiwe na utelezi.

Wako akupendaye, hata anapokutania,
Kaka Tokuji